Kurekebisha sailensa ya injini ya dizeli ya lori: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kosa huwa lilelile. Mtu anafungua nati, anazungusha skrubu, injini inatulia, anafurahi na kufunga boneti. Kesho yake lori linazima kila anapoachia pedeli ya mafuta, au linaunguruma kama mtu kalikanyagia. Anarudi kwenye skrubu, anazungusha tena, na safari hii mambo yanaharibika zaidi.

Skrubu ya sailensa ndiyo kitu cha mwisho kuguswa. Kazi kubwa iko kabla yake, na wengi wanaoshindwa wameiruka. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Tukielewana kwanza: sailensa hapa ni mzunguko wa injini ikiwa imewaka, gia iko huru na mguu hauko kwenye pedeli.

## Injini yako inahusika?

Mwongozo huu ni wa injini zenye pampu ya dizeli ya kimakanika, ile ambayo pedeli inavuta waya au fimbo hadi kwenye mkono ulio juu au ubavuni mwa pampu. Fungua boneti au inua kabini, mwambie mwenzako akanyage mafuta injini ikiwa imezimwa. Ukiona mkono wa pampu unasogea, endelea kusoma.

Kama pedeli imeunganishwa na nyaya za umeme tu na hakuna kinachosogea kwenye pampu, sailensa inaamuliwa na kompyuta ya injini. Hakuna skrubu ya kuzungusha. Injini ya namna hiyo ikisumbua, kinachotakiwa ni mashine ya kusoma hitilafu, na dawa huwa kwenye sensa, nozeli (zinazonyunyizia mafuta ndani ya silinda) au njia ya mafuta.

## Vifaa vya kuwa navyo mkononi

- Spana mbili zinazoingia sawasawa kwenye nati ya skrubu. Nyingi ni namba 10, 12 au 13, lakini pima kwanza.
- Bisibisi bapa inayojaa vizuri kwenye mfereji wa skrubu. Iliyolegea itaula mfereji, na hapo utapata kazi mpya.
- Kipimo cha mzunguko wa injini (nitakieleza kwenye hatua ya 6).
- Vigingi viwili vya kuzuia tairi.
- Brashi ya waya na kitambaa kikavu.
- Kipande cha karatasi ya kawaida, upana wa vidole viwili.
- Rangi kidogo au kalamu ya kuwekea alama.
- Msaidizi wa kukaa kwenye usukani. Usiifanye kazi hii peke yako.

## Hatua ya 1: Tafuta namba ya injini yako

Usikisie kwa sikio. Namba ya sailensa huandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kibandiko au kibati kilicho juu ya injini au chini ya boneti. Malori mengi yanaangukia kati ya mizunguko 550 na 800 kwa dakika. Injini kubwa za silinda sita hukaa upande wa chini, ndogo za silinda nne upande wa juu. Kinachotawala ni kibandiko cha injini yako, si cha lori la jirani lenye umbo kama lako.

Kwa nini namba hii ni muhimu? Ikiwa chini mno, presha ya oili inashuka, altaneta haichaji vizuri, kompresa ya upepo wa breki inajaza polepole na injini nzima inatikisika hadi mipira ya maunti, ile inayoishikilia injini, inakatika. Ikiwa juu mno, gia ya kwanza inalia kila unapoingiza, na mafuta yanaungua bure kila lori linaposimama na injini ikinguruma.

## Hatua ya 2: Egesha na ujue utaizima vipi

Weka lori mahali tambarare na pa wazi. Moshi wa dizeli ndani ya jengo lililofungwa unadhuru, hata ukiona mlango umeachwa wazi kidogo. Vuta handbreki, gia iwe huru, vigingi viwe mbele na nyuma ya tairi. Kama kabini inainuliwa, hakikisha kufuli lake limeingia kabla hujaweka kichwa chini yake.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: tafuta namna ya kuzima injini bila kutegemea swichi. Pampu nyingi zina mkono wa kuzimia, ambao huvutwa na kebo kutoka kwenye dashibodi au hugeuzwa na mota ndogo. Uone ulipo, uusogeze kwa mkono injini ikiwa imezimwa, ujue unaelekea upande gani. Dizeli haina plagi za kukatia moto. Ikishapata mafuta kupita kiasi inaweza kupaa mzunguko na kukataa kuzima, na huo si wakati wa kuanza kutafuta mkono.

Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na vitambaa vikae mbali na feni na mikanda.

## Hatua ya 3: Pasha injini moto kweli kweli

Washa injini, kisha uendeshe lori kwa dakika 15 hadi 20, au uiache inguruma hadi mshale wa joto ukae mahali pake pa kawaida, yaani maji yakiwa karibu na nyuzi 80 za Selsiasi.

Sababu ni mbili. Oili baridi ni nzito na inaikaba injini, kwa hiyo sailensa utakayoiweka asubuhi itapanda injini ikishapata moto. Pili, pampu nyingi zina kifaa cha kuinua mzunguko wakati wa baridi. Ukirekebisha kifaa hicho kikiwa bado kinasukuma mkono, unarekebisha kitu ambacho baada ya robo saa hakitakuwepo.

Zima kiyoyozi, taa na feni ya ndani. Kama dashibodi ina kitufe cha kuvuta ili kuinua mzunguko kwa mkono, kisukume ndani hadi mwisho. Nyoosha usukani.

## Hatua ya 4: Hakikisha mkono wa pampu umelala juu ya skrubu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende polepole.

Skrubu ya sailensa haiingizi mafuta popote. Kazi yake ni moja: kuwa kizuizi. Unapoachia pedeli, springi inaurudisha mkono wa pampu hadi ugonge ncha ya skrubu, na hapo ndipo mkono unapopumzika. Kama mkono haufiki kwenye skrubu, unaweza kuifungua skrubu yote na sailensa isibadilike hata kidogo.

Zima injini. Safisha eneo hilo kwa brashi na kitambaa. Oili iliyochanganyika na vumbi huganda kati ya mkono na skrubu ikawa kama gasketi, na hiyo peke yake inatosha kuinua mzunguko. Sasa chukua kile kipande cha karatasi. Mwambie msaidizi akanyage pedeli, ingiza karatasi kati ya mkono na ncha ya skrubu, kisha aachie. Vuta karatasi taratibu. Ikibanwa na kukataa kutoka, mkono umelala mahali pake. Ikitoka bila upinzani, kuna kitu kinaushikilia mkono.

Kitu hicho huwa ni kimojawapo cha hivi:

- Waya wa mafuta umekazwa mno. Unatakiwa uwe na ulegevu mdogo, wa milimita chache, pedeli ikiwa imeachiwa. Legeza nati mbili zinazoshika gamba la waya karibu na pampu hadi karatasi ibanwe.
- Waya umechakaa ndani ya gamba lake. Uchomoe upande wa pampu na uuvute kwa vidole. Ukikwama au ukikwaruza, badilisha. Kuupaka oili kutakupa siku chache tu.
- Kapeti au mkeka umeingia chini ya pedeli. Angalia kabla hujacheka. Inatokea.
- Springi ya kurudisha imelegea au imekatika. Badilisha kwa springi yenye nguvu ileile.

Sogeza mkono wa pampu kwa kidole mara kadhaa. Unatakiwa urudi kwa haraka na kugonga skrubu kwa mlio mkavu, *tak*. Ukirudi kwa uvivu, malizana na hilo kwanza.

Malori mengi yanaponea hapa. Washa tena injini, angalia mshale wa mizunguko, na kama namba imerudi mahali pake, usiiguse skrubu kabisa.

## Hatua ya 5: Itambue skrubu sahihi

Kwenye mkono wa pampu kwa kawaida kuna skrubu mbili zinazouzuia. Moja inagusa mkono pedeli ikiwa imeachiwa: hiyo ndiyo ya sailensa. Nyingine inagusa mkono pedeli ikiwa imekanyagwa hadi mwisho: hiyo ni ya mzunguko wa juu kabisa, na kiwandani hufungwa kwa kijiwaya chenye muhuri wa risasi au hupakwa rangi. Usiiguse. Inailinda injini isipae kupita uwezo wake.

Kuna ya tatu ambayo imeharibu injini nyingi. Kwenye pampu za mzunguko, zile fupi ambazo mabomba yote ya nozeli yanatoka nyuma kwa duara, kuna skrubu upande huo wa nyuma inayopanga kiasi cha mafuta injini ikiwa na mzigo. Ukiizungusha kuingia ndani, sailensa nayo inapanda, na ndiyo maana watu hudhani wameipata. Baadaye lori linatoa moshi mweusi mlimani, mzunguko unachelewa kushuka ukiachia mafuta, na injini inachemka. Kama umeshaigusa, mpelekee fundi wa pampu ili pampu hiyo ipimwe kwenye mashine. Kwa kukisia hutairudisha.

Kwenye pampu ndefu za mstari, nyuma ya gavana (sehemu ya pampu inayodhibiti mzunguko wa injini) kunaweza kuwa na skrubu nyingine ndogo ya springi inayoituliza injini isizime. Hiyo nayo mwachie fundi pampu, kwa sababu ikiingizwa sana inaweza kuifanya injini ipae.

Na kama injini ni ya zamani yenye gavana inayoendeshwa kwa upepo wa kunyonya, skrubu ya sailensa iko kwenye kipepeo cha njia ya hewa (kibamba kinachofungua na kufunga hewa), si kwenye pampu. Kagua mpira mwembamba unaotoka kwenye kipepeo kwenda kwenye gavana. Ukiwa umepasuka, usiwashe hiyo injini. Bila mnyonyo huo gavana inafungulia mafuta yote.

Njia ya uhakika ya kuitambua: injini ikiwa imezimwa, tazama mkono unapumzikia wapi pedeli ikiwa imeachiwa. Jicho lako liione ncha ya skrubu ikiugusa mkono. Ukishaiona, weka alama ya rangi kwenye skrubu na kwenye nati ili ujue ulipoanzia.

## Hatua ya 6: Pima kabla ya kuzungusha

Kama dashibodi ina saa ya mizunguko, itumie, ila soma maandishi yake: nyingi huandikwa 5, 10, 15 na namba hizo huzidishwa kwa 100. Kwenye mizunguko ya chini mshale unaweza kudanganya kidogo.

Kipimo cha mwanga ni bora zaidi. Bandika kipande cha utepe unaong'aa kwenye puli ya kranki (gurudumu la mikanda mbele ya injini) injini ikiwa imezimwa, washa, kisha elekeza kipimo ukiwa umesimama pembeni mwa mikanda. Vipimo vya kubana kwenye waya wa plagi, vile vya injini za petroli, havifai hapa kwa sababu hakuna plagi. Cha dizeli hubanwa kwenye bomba la nozeli.

Huna kimojawapo? Programu ya simu inayopima masafa ya sauti inaweza kusaidia. Injini ya silinda nne huunguza mara mbili kwa kila mzunguko, ya silinda sita mara tatu. Mizunguko 700 kwenye silinda nne ni kama mipigo 23 kwa sekunde, na kwenye silinda sita ni 35. Itumie kulinganisha, usiitegemee kama mizani.

Andika namba uliyoipata. Kama inapanda na kushuka yenyewe bila kutulia, simama hapa na uende kwenye sehemu ya "Ikigoma". Skrubu haitibu injini inayoyumba.

## Hatua ya 7: Zungusha robo kwa robo

Shika skrubu kwa bisibisi, kisha ufungue nati ya kufungia kwa spana. Usiache skrubu izunguke pamoja na nati.

Kwa kawaida kuizungusha kuelekea kulia kunaisukuma ndani, mkono unasogea na mzunguko unapanda. Kushoto unashuka. Lakini amini unachokiona kwenye kipimo.

Zungusha robo tu, kisha subiri sekunde 10 hadi 15. Gavana inahitaji muda wa kutulia, na robo moja inaweza kubadilisha makumi ya mizunguko. Baada ya kila robo, mwambie msaidizi apige resi hadi kama 1,500, aachie, halafu usome tena. Namba ya kweli ni ile inayobaki baada ya kuachia resi.

Kama umezungusha mizunguko miwili mizima na sailensa bado haijafika, acha. Rudisha skrubu kwenye alama yako. Tatizo liko kwingine.

## Hatua ya 8: Funga nati bila kupoteza namba

Kukaza nati kunaivuta skrubu kidogo na namba inahama. Shika skrubu imara kwa bisibisi, kaza nati kwa mkono mwingine, kisha pima tena. Ikiwa imehama, fungua, ipeleke kidogo upande wa pili na ukaze tena. Itachukua majaribio mawili au matatu. Usikaze kwa nguvu za tairi. Nati hizi ni ndogo na mwili wa pampu mara nyingi ni aluminiamu.

Rudia jaribio la karatasi na ukague waya wa mafuta, kwa sababu kuhamisha skrubu kumebadilisha ulegevu wake.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa mzigo

Sasa ibebeshe injini. Washa taa kubwa na feni ya ndani. Geuza usukani hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Kanyaga breki mara kadhaa ili kompresa ianze kujaza. Washa kiyoyozi kama kipo. Kwenye malori mengi, kiyoyozi kikiwaka mzunguko utapanda wenyewe, na hilo ni sawa.

Umefaulu ukiona haya:

- Mshale unashuka kidogo mzigo unapoingia, kisha unarudi karibu na pale ulipokuwa.
- Ukipiga resi na kuachia ghafla, injini inashuka hadi sailensa bila kuzama chini yake na bila kuzima.
- Kioo cha pembeni hakitetemeki kiasi cha kufuta sura ya kilicho nyuma.
- Taa ya oili na taa ya chaji hazimweki.

## Ikigoma

Inapanda na kushuka yenyewe. Shuku hewa kwenye mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Niliwahi kuletewa lori ambalo watu watatu walikuwa wameshazungusha skrubu yake, kila mmoja kwa zamu. Nikaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya mafuta inayoingia pampu. Injini ilipowaka, viputo vyembamba vilipita vikifuatana kama shanga kwenye uzi. Chanzo kilikuwa washa ya shaba ya bolti ya filta, iliyorudishwa ileile ya zamani baada ya filta kubadilishwa. Tuliweka mpya, tukatoa hewa kwa pampu ya mkono, tukairudisha skrubu kwenye alama ya rangi ya kiwandani iliyokuwa bado inaonekana, na injini ikatulia bila kuzungushwa zaidi.

Kama hakuna viputo, angalia filta ya mafuta iliyoziba, kisha gavana iliyochakaa. Hiyo ya mwisho ni ya fundi pampu.

Inatikisika lakini namba iko sawa. Silinda moja haifanyi kazi kama wenzake. Huenda ni nozeli, tapeti au kompresheni. Kagua pia mipira ya maunti. Watu wengi huinua sailensa ili kuficha mtikisiko huu, na nozeli mbovu inaendelea kumwaga mafuta juu ya pistoni hadi inaitoboa. Usilegeze bomba la nozeli ukiwa umeelekeza mkono au uso, wala usitafute uvujaji kwa vidole. Mafuta ya presha hiyo hutoboa ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Haishuki hata skrubu ikiwa nje. Rudi hatua ya 4. Kama karatasi inabanwa na bado iko juu, kifaa cha baridi kimekwama au kuna aliyeigusa skrubu ya nyuma.

Inazima ukiachia mafuta, ingawa ikiwa imesimama inakaa vizuri. Mara nyingi ni filta iliyoziba, hewa inayopenya au springi ya gavana iliyochoka.

## Kesho asubuhi

Kazi haijaisha hadi injini iwashwe ikiwa baridi. Kabla hujapiga stata, angalia kama nati haijalegea. Washa bila kukanyaga mafuta, uiache dakika mbili, usikilize. Mzunguko unaweza kuanza juu kidogo kisha ukashuka kadiri joto linavyopanda. Hicho ni kile kifaa cha baridi kikifanya kazi yake. Injini ikishapata moto, soma namba kwa mara ya mwisho. Ikiwa ni ileile uliyoiandika jana, paka rangi juu ya nati na skrubu kwa pamoja, ili yeyote atakayeifungua baada yako aonekane.